Oman: Ridhaa ya mteja kabla ya barua pepe ya biashara

Mfanyabiashara wa ubani katika soko la Muttrah, mjini Muscat, anayetaka kuwapelekea wateja matangazo kwa barua pepe, hana budi kwanza kupata ridhaa yao ya maandishi. Hivyo ndivyo inavyoagiza sheria ya Oman ya kulinda taarifa binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 6 ya mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 13 Februari 2023. Sheria hiyo inamtwisha mwenye orodha jukumu la kuthibitisha kuwa ridhaa hiyo ilitolewa.

Njia za kuipata ni mbili. Katika ya kwanza, mteja huandika anwani yake na papo hapo huingizwa katika orodha. Katika ya pili, hupelekewa kwanza barua yenye kiungo, naye huhesabiwa kuwa amejiandikisha pale tu anapokibonyeza.

Njia ya kwanza ni nyepesi na huleta majina mengi, lakini haionyeshi ni nani aliyeiandika anwani. Mjini Muscat jambo hilo si dogo. Jina moja huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna nyingi: Saeed, Said au Saidi, Al Harthy au Alharthi. Herufi moja ikikosewa, barua humfikia mtu mwingine kabisa, pengine mtu wa ukoo huo huo aliyeko Zanzibar, ambaye hakuomba chochote.

Mtu huyo akiilalamikia kuwa ni barua taka, mtumaji hudhurika. Tangu Februari 2024, kampuni za Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wahakikishe malalamiko ya aina hiyo hayafiki asilimia 0.3, yaani matatu kwa kila barua 1,000. Kiwango hicho kikivukwa, hata barua zilizoombwa huenda zisiwafikie wenyewe.

Njia ya pili nayo ina gharama yake, kwani baadhi ya wateja husahau kubonyeza. Hasara hiyo hupungua mteja akiombwa kuthibitisha angali dukani, simu ikiwa mkononi. Mtalii aliyeshuka kutoka melini kwa saa chache, ambaye huenda hana intaneti, anahitaji kiungo kitakachodumu siku kadhaa.

Tatizo gumu zaidi ni anwani za zamani zilizonakiliwa kutoka vitabu vya risiti. Mteja aliyeacha anwani ili aarifiwe kuhusu mzigo wake hakuridhia kupelekewa matangazo.