Kufundisha Mahali pa Ukuta: Kutoka Kamba hadi Modeli ya Kompyuta

Mwanafunzi wa ujenzi aanzapo kuchora kwa programu za modeli ya taarifa za jengo, hudhani ukuta ni mstari. Katika programu hizo ukuta ni kitu kamili: una unene, matabaka, kimo na mahali pake. Makala haya yaeleza namna ya kulifundisha jambo hilo katika nchi ya miteremko kama wilaya ya Same.

Lengo. Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kutaja ni uso upi wa ukuta unaoshika kipimo, na kutoa sababu.

Hatua ya kwanza: uwanjani. Wanafunzi wapige vigingi na kuvuta kamba za chumba cha meta 8 kwa 6, wakihakikisha pembe mraba kwa kanuni ya 3, 4 na 5. Mwalimu aulize: kamba hii ni uso wa ndani, katikati, au uso wa nje? Wapange matofali ya unene wa milimeta 150 kwa kila jibu, kisha wapime upana wa ndani. Watapata meta 6.00, 5.85 na 5.70. Kamba ni ile ile, vyumba ni vitatu.

Hatua ya pili: kwenye kompyuta. Kuta zilizoshikwa katikati zibadilishwe unene kutoka milimeta 150 kuwa 230. Kila uso utasogea milimeta 40, na chumba kitapungua milimeta 80. Ukishikwa uso wa ndani, chumba hakibadiliki. Ukuta hukua kwa nje. Kiwanja kikiwa na mpaka wa karibu, yafaa kushika uso wa nje.

Hatua ya tatu: matabaka. Lipu ya milimeta 15 kila upande huufanya ukuta wa 150 kuwa 180. Lakini mwashi hupima hadi kwenye tofali, maana lipu haijapigwa bado. Kwa hiyo vipimo vya msingi vishikwe kwenye tofali.

Hatua ya nne: mteremko. Ardhi ikishuka meta 1 kwa kila meta 5, chumba cha upana wa meta 6 kina tofauti ya meta 1.2. Kuta zote zikianzia usawa wa sakafu ulio sawa na ardhi ya juu, ukuta wa chini utaning'inia hewani. Mwalimu asiwaambie, wachore mkato, waone wenyewe, kisha washushe msingi kwa ngazi.

Zana nyingine zipo milimani. Matuta ya mawe na ndiva za Wapare huonyesha jinsi wazee walivyofuata umbo la ardhi kabla ya kujenga. Maporomoko ya udongo yaliyoua watu katika kijiji cha Goha, wilayani Same, Novemba 2009, yatukumbusha kwamba modeli haijui uimara wa udongo isipopewa habari zake. Swali la kwanza, basi, ni iwapo mahali penyewe pafaa kujengwa.

Upimaji. Mwanafunzi apewe modeli yenye ukuta mmoja ulioshikwa uso usiofaa. Autafute, ausahihishe, na aandike sababu yake kwa sentensi moja. Asiyeweza kuiandika arudi kwenye kamba.