Maziwa ya Mama: Mbona Wengine Huacha Mapema?

Wahenga walinena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hebu leo tuipeleke methali hii katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya huku akila hadi miaka 2 au zaidi. Nchini Kenya, mwaka 2003, ni watoto 13 tu kati ya 100 wa chini ya miezi 6 waliolelewa hivyo. Mwaka 2014 walifika 61, lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Kwani tumekwama wapi?

Kwanza, mwanzo wenyewe. Mama aliyezaa kwa upasuaji huenda akachelewa kunyonyesha. Wengine humwaga dang'a, ati ni maziwa machafu, ilhali maziwa hayo ya kwanza yamejaa kinga.

Pili, maneno ya watu. Mtoto akilia kidogo tu utasikia, "Maziwa yako hayamshibishi, mpe uji!" Kumbe maziwa hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa uji hunyonya kidogo, na maziwa hupungua kweli. Hapo washauri hujigamba, "Si tulikwambia?" Kumbe wao ndio chanzo!

Tatu, kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi 3. Sasa 6 toa 3, zilizobaki atazipata wapi? Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, lakini dada yangu alikuwa akikamulia maziwa chooni kazini kwake. Alivumilia mwezi mmoja, akaacha. Naye mama wa kibarua asipoenda kazini siku moja, siku hiyo hakuna unga.

Simlaumu mama aliyeshindwa. Nasema hivi: kunyonyesha si kazi ya mama peke yake. Baba akiteka maji na kufua nepi, nyanya akimtia moyo, mwajiri akimpa chumba na nusu saa, mama ataweza. Nasi wavulana tusicheke, kesho tutaitwa baba. Kidole kimoja hakivunji chawa.