Jeni Iliyokufa na Jeni Inayotutisha Bure

Mwezi Januari mwaka 1499 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitokea India. Kuvuka bahari kulikuwa kumechukua karibu miezi mitatu, na mabaharia 30 walikuwa wameshafia njiani. Waliosalia walikuwa na fizi zilizovimba hadi kufunika meno, wasiweze kula. Mtu alitumwa ufukoni akatafute machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno, na kesho yake akarudi nayo. Wengi hayakuwafaa tena, wakafa huko huko Malindi.

Ugonjwa wao ulikuwa kiseyeye, yaani ukosefu wa vitamini C. Panya wa ngamani hawaugui kiseyeye. Mbuzi haugui, mbwa haugui. Wanyama hao hujitengenezea vitamini C mwilini kutokana na sukari, na hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ambacho jeni yake, GULO, hata sisi tunayo, ila imekufa. Mabaki yake yanaonekana kwenye vinasaba vyetu, lakini hayazalishi chochote. Ilikufa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajatokea, ndiyo maana sokwe na nyani nao wanaitegemea vitamini hiyo kutoka kwenye matunda na majani.

Kwa hiyo kila anayesoma makala haya amerithi kasoro ya jeni inayohusu vitamini, tena kwa baba na kwa mama, na kasoro hiyo isipopata chakula inaua. Hakuna anayeitwa mgonjwa kwa ajili yake. Pera moja kwa siku linatosha.

Naikumbusha habari hii kwa sababu ya ripoti za vinasaba. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani siku hizi hupima kwa mate: unatema kwenye kichupa, unakituma kwa posta, na baada ya wiki kadhaa majibu yanaingia kwenye simu. Picha za majibu hayo hutufikia madaktari wa nyumbani kwa WhatsApp, aghalabu usiku, mstari mmoja ukiwa umezungushiwa wino mwekundu: MTHFR. Chini yake swali: "Shikamoo daktari. Hii ndiyo sababu mimba zinatoka?" Muulizaji ameshasoma kwamba jeni hiyo huharibu mimba, hugandisha damu, huleta kipandauso, sonona na uchovu usioisha. Mara nyingi ameshanunua na chupa ya vidonge vya bei mbaya.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu namba 1. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoshughulikia foleti, yaani vitamini B9, ile ya kwenye maharage, kunde, choroko, mboga za majani na maini. Ikitengenezwa kiwandani tunaiita asidi ya foliki. Kimeng'enya huigeuza foleti kuwa methilifoleti, na mwili hutumia methilifoleti, kwa msaada wa vitamini B12, kuigeuza homosisteni kuwa methionini. Homosisteni ikirundikana katika damu, mahali fulani kazi imezorota: foleti haitoshi, au B12, au B2, au figo zimechoka.

Mwaka 1995 maabara ya Rima Rozen katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ilionyesha kwamba kwa baadhi ya watu, kwenye nafasi ya 677 ya jeni hiyo, herufi C imebadilika kuwa T. Herufi hiyo moja inatosha kuweka valini mahali pa alanini, na kimeng'enya kinachopatikana hakistahimili joto. Aliyerithi T kwa wazazi wote wawili, anayeandikwa TT, kimeng'enya chake kikipimwa maabara hufanya takriban asilimia 30 tu ya kazi ya kawaida.

Asilimia 30 inatisha, na wauza vidonge wanalijua hilo. Lakini hicho ni kipimo cha kimeng'enya kilichotolewa mwilini, si cha mtu anayekula. Ukipima damu za watu wanaopata kiasi kilekile cha asidi ya foliki, foleti ya wenye TT huwa pungufu kwa asilimia 16 hivi kuliko ya wenye CC, yaani waliorithi C kwa wazazi wote wawili. Takwimu hiyo inatolewa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambayo pia inasema waziwazi kwamba watu wenye mabadiliko ya MTHFR wanaweza kuitumia foleti ya kila aina, asidi ya foliki ikiwemo. Madai kwamba asidi ya foliki ni sumu kwao hayana msingi. Tena asidi ya foliki ndiyo pekee iliyothibitishwa na majaribio kwamba inakinga watoto dhidi ya mgongo wazi. Methilifoleti ya bei mbaya haina ushahidi huo.

Kwa wachache wenye TT, habari inayostahili kusikika haihusu foleti hata kidogo, nayo husikika mara chache kwa sababu haina biashara. Ili kufanya kazi, kimeng'enya hiki hushikilia kiambata kinachotokana na riboflavini, vitamini B2. Kile cha TT hushikilia kwa ulegevu, mithili ya jembe lililolegea kwenye mpini: unalima, lakini kila mara linachomoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, wakiongozwa na Helene McNulty, waliwapa watu miligramu 1.6 za riboflavini kwa siku. Homosisteni ya wenye TT ilishuka. Ya wengine haikutikisika. Baadaye wakaona shinikizo la damu la wenye TT nalo linashuka kwa dozi hiyo hiyo, hata kwa waliokuwa tayari wanatumia dawa za presha. Miligramu 1.6 si dozi ya dawa. Ni kiasi kinachopatikana kwa chakula: maini, maziwa, mtindi, mayai. Mtu wa TT mwenye presha, ninamuuliza kwanza kama anakunywa maziwa.

Nimesema wachache, na kwetu ni wachache kweli. T ya 677 imejaa Mexico, kusini mwa Italia na kaskazini mwa China. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara ni adimu, na TT ni nadra zaidi. Ripoti nyingi ninazotumiwa zina badiliko jingine, A1298C, ambalo likiwa peke yake haliigusi homosisteni kwa namna ya kutia wasiwasi. Dada anayeuliza usiku kuhusu mimba zake anahitaji kuchunguzwa kizazi, homoni na damu yake. MTHFR imempotezea muda. Mwaka 2013 chuo cha wataalamu wa jenetiki ya tiba cha Marekani kilishauri kwamba kipimo hiki kisiagizwe kabisa katika uchunguzi wa mimba zinazotoka mara kwa mara au wa damu kuganda. Ushauri huo upo hadharani kwa zaidi ya miaka kumi, na bado kipimo kinauzwa.

Tena katika kukwepa hofu hii mtu anaweza kujiumiza. Asidi ya foliki nyingi kwa mwenye upungufu wa B12 hurekebisha damu, vipimo vikaonekana safi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Asiyekula nyama, dagaa, mayai wala maziwa apime B12 kabla ya kujijaza vidonge.

Sasa nyumbani. Watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa wanazaliwa Tanzania na Kenya, wodi za upasuaji zinawajua, na kwa kuwa T ni adimu kwetu, lawama kubwa haiwezi kuwekwa kwenye MTHFR. Tunachoweza kukirekebisha ni chakula na kalenda. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama anahesabu siku tu, labda hajashtuka. Wajawazito wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Pale wanapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, na ni vizuri wavimeze kwa ajili ya damu. Kwa mgongo wa mtoto, mlango umeshafungwa.

Ndiyo sababu ya kuweka foliki kwenye unga, ili imfikie mwanamke kabla hajajua kwamba anaihitaji. Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga wa ngano na mahindi mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2012. Geuza mfuko wa sembe dukani usome nyuma: foleti au asidi ya foliki iandikwe pale pamoja na madini ya chuma na zinki. Sembe inaihitaji kwa sababu kinu kimeondoa pumba na kiini, na humo ndimo vitamini B nyingi hukaa. Dona huzibakiza kwa sehemu kubwa. Ila mahindi mengi hayapiti kiwandani. Yanabebwa kwenye ndoo hadi mashine ya mtaani, yanasagwa, yanarudi nyumbani bila kuongezwa kitu. Shirika la Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine ndogo kama hizo vifaa vinavyodondosha virutubishi kwa kipimo wakati unga unasagwa. Kazi hiyo itaokoa migongo mingi kuliko vichupa vya mate.

Lakini ipo jeni ya kurithi ambayo hapa kwetu kweli inabadilisha mahitaji ya vitamini, na haitajwi kwenye mabishano hayo ya mtandaoni. Ni ya selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Uboho wake hauna mapumziko, kila siku unatengeneza damu mpya, na kila chembe mpya inahitaji foleti ili vinasaba vyake vinakiliwe. Mtoto huyu anakula sahani moja na ndugu zake, na foleti iliyowatosha wao inaweza isimtoshe yeye. Ndiyo maana kliniki humpa kile kidonge kidogo cha njano cha asidi ya foliki, miligramu 5, ale kila siku.

Kidonge hicho cha njano kina mkasa wake. Ni rahisi, kinapatikana kila duka la dawa, na mama mjamzito akienda kununua "foliki" bila maelezo, mara nyingi ndicho anachopewa. Dozi ya kawaida ya mjamzito ni miligramu 0.4, hicho kina zaidi ya mara 12 yake. Katika nchi zenye malaria hilo si jambo dogo. SP, ile dawa ya malaria wanayomezeshwa wajawazito kliniki, hufanya kazi kwa kumzuia kimelea asijitengenezee foleti. Ukimwaga asidi ya foliki nyingi ndani ya damu, unamletea kimelea riziki uliyokuwa umemkatia. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2006 ulipima hivyo hivyo: kwa wajawazito wenye vimelea waliotibiwa kwa SP, miligramu 5 za foliki ziliidhoofisha dawa, ilhali miligramu 0.4 hazikuidhuru. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe sambamba na SP.

Mama mwenye selimundu, kwa hiyo, asiache wala asiongeze kidonge chake kwa ushauri wa jirani. Amwambie daktari wa kliniki ya selimundu mara tu anapopanga kushika mimba, wakubaliane dozi ya foliki na namna ya kumkinga dhidi ya malaria.

Kuna mwingine anayehitaji dozi kubwa: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1991, lilionyesha kwamba miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza tatizo hilo kujirudia kwa asilimia 72. Mama huyu hapimwi MTHFR. Jibu lolote halitabadilisha dozi. Anachohitaji ni kwenda kliniki miezi kadhaa kabla ya mimba, akiwa hana ujauzito, jambo ambalo manesi wengine hulishangaa, na aseme historia yake bila kuona haya. Pale ambapo miligramu 4 hazipatikani, madaktari hutumia kile kidonge cha 5. Hutumiwa hadi wiki ya 12 ya ujauzito, kisha mama anarudi kwenye 0.4, na SP huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13. Ratiba hizo mbili zinapishana bila kugongana, ilimradi anayeandika cheti cha SP ajue kwamba miligramu 5 zimeshaachwa.