Kituo cha Rada cha Bawdsey: Milingoti, Maneno na Kumbukumbu, 1936–1991

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya kituo cha Bawdsey, kilichojengwa kwenye mlango wa mto Deben katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Kilikuwa cha kwanza katika mnyororo wa vituo vya rada vya ulinzi wa anga, na jeshi lilikifunga mwaka 1991. Hoja inayojengwa ni kwamba nguvu ya kituo hiki ilitokana zaidi na utaratibu wa kugeuza mwangwi wa mawimbi kuwa maneno machache yanayoaminika, na kwamba sehemu hiyo ndiyo hupotea upesi kituo kinapofungwa. Makala yanagusia pia kituo cha muda cha Mambrui, Kenya, mwaka 1940, pamoja na safari ya neno rada katika Kiswahili.

Swali la maji na damu

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza waliishi kwa hofu ya kushambuliwa kutoka angani. Novemba 1932 Stanley Baldwin alilieleza Bunge bila kuficha kwamba ndege za mabomu zitapenya tu, hata ulinzi uweje. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Njia za kutambua ndege ijayo zilikuwa macho na masikio, na huko Denge, pwani ya Kent, zilijengwa kuta kubwa za zege zilizopinda ili kukusanya sauti za injini kutoka baharini. Kadiri ndege zilivyozidi kuwa za kasi, ndivyo onyo la kuta hizo lilivyozidi kukosa maana. Sauti ilifika ikiwa imefuatwa kwa karibu na ndege yenyewe.

Wakati huohuo ulivuma uvumi wa miale ya kifo. Wizara ya Anga iliahidi zawadi ya pauni 1,000 kwa yeyote ambaye angemuua kondoo kwa miale akiwa umbali wa yadi 100. Kondoo walisalimika. Hata hivyo Robert Watson-Watt, mkuu wa kituo cha utafiti wa redio, aliombwa ushauri, naye akampa msaidizi wake Arnold Wilkins hesabu iliyofichwa ndani ya lugha ya kawaida: ni nguvu kiasi gani ya redio ingehitajika kupasha painti nane za maji, yaani takriban lita nne na nusu, kutoka nyuzi 98 hadi 105 za Farenhaiti, yakiwa umbali wa kilomita tano? Wilkins hakuhitaji kuambiwa kwamba maji yenye kiasi na joto hilo ni damu ya mwanadamu. Alijibu kuwa haiwezekani. Kisha akakumbuka kwamba wahandisi wa Posta waliwahi kulalamika kuwa ndege zinazopita huvuruga mawasiliano yao ya redio. Kilichokuwa kero kwa Posta kikawa msingi wa ulinzi wa taifa.

Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry, ndege aina ya Heyford iliruka ndani ya mawimbi ya mtambo wa masafa mafupi wa BBC, na gari lililokuwa na kipokezi shambani likauona mwangwi wake hadi kiasi cha kilomita 13. Kamati ya kisayansi iliyoongozwa na Henry Tizard ilikuwa imekutana kwa mara ya kwanza mwezi mmoja tu kabla.

Jumba linageuka kituo

Majaribio yalianza Orfordness, kisha mwaka 1936 Wizara ikanunua jumba la Bawdsey, makazi ya familia ya Quilter yaliyoanza kujengwa katika miaka ya 1880. Mahali palifaa: palikuwa pweke, pakielekea bahari ambayo adui angepitia. Wanasayansi waligeuza mazizi kuwa karakana. Mei 1937 kituo kilikabidhiwa kwa Jeshi la Anga, na Bawdsey ikawa kiungo cha kwanza cha mnyororo uliopewa jina la Chain Home. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, vituo vilikuwa vimefikia takriban 20.

Milingoti ilionekana kutoka mbali. Minne ya chuma, yenye urefu wa mita 110, ilirusha mawimbi. Minne ya mbao, yenye urefu wa mita 73, ilipokea mwangwi. Mtambo haukuzunguka kama rada zinazoonekana leo kwenye viwanja vya ndege. Ulimwaga mawimbi mbele yake kama taa ya karabai inavyomwaga mwanga uani, kisha mhudumu akasoma umbali kwenye kioo na kuzungusha kitasa mpaka alama ya mwangwi ififie, ili apate mwelekeo. Wimbi lenyewe lilikuwa refu, kati ya mita 10 na 15, urefu ambao wataalamu wa Ujerumani hawakutarajia. Meli ya anga Graf Zeppelin ilitumwa mwaka 1939 kupeleleza milingoti hiyo, ikarudi bila kuelewa kazi yake.

Ikumbukwe kwamba vifaa vya Ujerumani, hasa Freya na Würzburg, vilikuwa bora kwa ufundi. Watson-Watt mwenyewe alishikilia kuwa kifaa cha daraja la tatu kilichopo kinashinda cha daraja la pili kitakachochelewa, na kwamba kile cha daraja la kwanza hakifiki kamwe. Kwa hiyo, jibu la swali la kwa nini mitambo duni ilifaulu mwaka 1940 halina budi kutafutwa kwingine.

Kutoka mwangwi hadi neno

Mhudumu wa Bawdsey hakuona ndege. Aliona mstari wa mwanga wenye kijimeno kinachotikisika, na kutokana na namna kilivyotikisika alikadiria kama zinakuja ndege tatu au thelathini. Umbali aliupata kwa usahihi mzuri. Mwelekeo ulimpa shaka. Kimo kilimpa shaka zaidi. Alichokiona alikisema kwa simu, kwa mpangilio uleule kila mara, hadi kwenye chumba cha kuchuja taarifa. Utaratibu wa kuchuja ulijaribiwa kwanza Bawdsey kwenyewe, kisha chumba kikawekwa Bentley Priory, Stanmore. Humo vituo viwili au vitatu viliripoti kundi lilelile kwa takwimu zinazopishana, na wachujaji, wakiizunguka meza yenye ramani, waliamua upi ni ukweli. Mara nyingi waliachana na mielekeo na kuchora umbali wa vituo viwili: pale mistari ilipokatana, ndege ilikuwapo. Baada ya hapo tu kundi lilipewa namba na jina: adui, rafiki, au lisilotambuliwa.

Kupewa jina lilikuwa tendo zito. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya vita kutangazwa, ndege za Kiingereza ziliingia kwenye ramani kwa jina la adui. Ndege nyingine za Kiingereza zikatumwa kuzikabili, mbili zikatunguliwa na rubani mmoja akafa. Hakukuwa na Mjerumani angani. Kwa mwanaisimu, tukio hili ni mfano mkali wa uzito wa uainishaji: neno moja lililotamkwa chumbani lilibadilisha hadhi ya watu waliokuwa angani, nao hawakuwa na namna ya kulikanusha.

Lugha iliyotumika kutoka chumbani hadi kwa marubani ilikuwa fupi kwa makusudi. Kimo kilitajwa kwa malaika: malaika 15 walimaanisha futi 15,000. Adui aliyethibitishwa aliitwa jambazi. Amri ya kutua ilichukua jina la kitafunwa kinachofanana na chapati ya maji. Maneno hayo yalichaguliwa kwa sababu yalisikika hata redio ilipokwaruza, na kwa sababu hayakufanana baina yao. Msamiati huo haukuachwa ujizukie wenyewe. Tangu mwaka 1936, kabla mnyororo haujawa tayari, Tizard alihimiza majaribio katika uwanja wa Biggin Hill ambako marubani na waongozaji walijifunza kuelekezana kwa redio. Mazungumzo yalifanyiwa mazoezi kabla ya mitambo kukamilika, mpangilio ambao katika miradi mingi ya umma hufuatwa kinyume chake.

Sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa na wanawake. Wa kwanza kujaribiwa walikuwa makatibu muhtasi wa Bawdsey, na walipofaulu, milango ikafunguliwa kwa wanawake wa kikosi saidizi cha Jeshi la Anga. Tarehe 18 Agosti 1940 kituo cha Poling kiliposhambuliwa, Avis Hearn alibaki peke yake kwenye simu akiendelea kupitisha taarifa huku mabomu yakianguka. Baadaye alitunukiwa Nishani ya Kijeshi. Ushujaa wake ulikuwa wa kutokata sentensi.

Mambrui, 1940

Siri ya Bawdsey ilivuka bahari mapema. Septemba 1939 mwanafizikia Basil Schonland alisafiri kwa meli kutoka Cape Town hadi Durban pamoja na Ernest Marsden wa New Zealand, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Uingereza na maarifa ya rada. Katika siku hizo chache Schonland alijifunza vya kutosha. Yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliunda mtambo kwa vipuri vilivyopatikana Johannesburg, na tarehe 16 Desemba 1939 wakapata mwangwi wao wa kwanza.

Mtambo huo uliitwa JB, kwa jina la mji wake. Katikati ya mwaka 1940 uliletwa Afrika Mashariki na kusimikwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ili kuikinga Mombasa dhidi ya ndege za Waitalia waliokuwa Somalia. Kwa hiyo rada ilifika katika mji mkongwe wa Waswahili kabla hata ya neno radar kubuniwa. Kituo chenyewe kilikuwa cha muda: Waitalia waliposhindwa Somalia mwaka 1941, tishio kwa pwani liliondoka.

Mambrui inastahili kuzingatiwa na taasisi za Kiswahili kwa sababu moja ya wazi. Maelezo ya kituo yaliandikwa na wageni walioendesha mitambo. Upande wa pili, yaani walioishi jirani na mlingoti huo na kuutafutia jina katika Kimvita au lahaja za kaskazini, unahitaji masimulizi ya mdomo. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1940 alizaliwa mwaka 1930. Hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi kwa wanaopanga bajeti za utafiti.

Jina na safari yake

Bawdsey hawakusema rada. Walitumia herufi RDF, kifupisho kilichoteuliwa ili msikilizaji adhani ni utafutaji wa kawaida wa mwelekeo kwa redio. Neno radar lilibuniwa na maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1940, na Uingereza ikalipokea rasmi mwaka 1943. Husomeka sawasawa kutoka mwanzo au mwisho, kama wimbi liendalo na kurudi. Kiswahili, kwa kudondosha konsonanti ya mwisho kulingana na muundo wa silabi zake, kilipoteza mchezo huo na kupata neno lililo lepesi kutamka.

Katika Kiswahili neno limepata maisha mawili. Tanzania, lilivuma kupitia ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni hiyo baadaye ilikiri kosa la kutoweka sawasawa kumbukumbu za hesabu, na mwaka 2012 Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5, zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati. Wananchi waliziita chenji ya rada. Neno la ulinzi likawa neno la hesabu za fedha, na mjadala wa hadharani ukajikita katika bei kuliko katika swali la nani anasoma kioo na anamwambia nani. Nairobi, vijana wa Sheng walilipeleka kwingine: kukaa rada ni kuwa macho, na anayeuliza rada ni gani anataka habari au mpango. Bila kuhudhuria mafunzo yoyote ya kijeshi, wameunganisha tahadhari na taarifa kama Bawdsey ilivyofanya.

Kufungwa

Baada ya vita kituo hakikufungwa mara moja. Katika miaka ya 1950 kilipewa chumba cha operesheni chini ya ardhi kwa ajili ya tishio la ndege za Kisovieti. Tangu mwaka 1979 kiliweka makombora ya Bloodhound, ambayo yaliondolewa mwaka 1990. Mwaka uliofuata jeshi likaondoka. Jumba likauzwa na kuwa shule, na mlingoti wa mwisho ukaangushwa mwaka 2000.

Kilichobaki ni jengo la mtambo wa kurusha mawimbi: zege na matofali, bila milingoti juu yake. Wananchi wa eneo hilo waliunda asasi ya kulitunza, na kwa msaada wa fedha za bahati nasibu ya taifa jengo likafanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2017 kama makumbusho. Uamuzi wenye thamani kubwa zaidi ulikuwa kuhifadhi sauti za waliofanya kazi humo. Wengi wao, wakiwa wamefungwa na kiapo cha siri, walikuwa wamekaa miongo kadhaa bila kuwaeleza hata watoto wao kazi waliyofanya wakati wa vita. Mgeni anayeingia leo hakuti kioo kinachowaka wala mhudumu mwenye simu sikioni. Husikiliza wazee wakieleza walivyokuwa wakihesabu ndege kwa kutazama mtikisiko wa mstari wa mwanga, na maneno waliyoyatamka walipoziona.