Bosi wa siku mbili kwa wiki

ARUSHA: Duka la nafaka la Kilombero huweza kukua haraka kuliko vitabu vyake. Mauzo yanayotozwa VAT yakifikia shilingi milioni 200 kwa mwaka (hadi mwaka 2023 kiwango kilikuwa milioni 100), mwenye duka hana budi kujisajili VAT. Hapo daftari la shemeji halitoshi tena, na mhasibu mkuu wa kudumu bado ni ghali.

Basi mchukue mwenye CPA kwa siku mbili kwa wiki. Mji huu una Chuo cha Uhasibu, Njiro, tangu 1990. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja. Akija kama mshauri, ukimlipa kata kodi ya zuio, asilimia 5.

Ugomvi huzuka kwenye siku. Ritani ya VAT hufungwa tarehe 20, na wateja wake wote watamtaka wiki hiyo hiyo. Siku zako ziandikwe mkatabani mapema. Muulize pia anamhudumia nani mwingine, bei yako ya kununulia mahindi isije ikavuka barabara. Hundi endelea kusaini mwenyewe.