Ipyana na Matema: Makazi Yaliyoanzia Misheni

Mkazi wa Ipinda anaishi kati ya makazi mawili ya kale ya misheni. Upande wa magharibi iko Ipyana, kituo kilichofunguliwa na Wamoraviani mwaka 1894, miaka mitatu baada ya kile cha Rungwe. Mashariki, barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema inapofikia ziwa chini ya Milima ya Livingstone, iko Matema, iliyotokana na kazi ya Misheni ya Berlin, ambayo wamisionari wake waliingia Unyakyusa mwaka 1891.

Kabla ya hapo Wanyakyusa walijenga kwa marika: vijana waliondoka kwa wazazi wao na kuanzisha kijiji chao. Misheni ilileta mpangilio mwingine. Kanisa, shule na nyumba za watumishi viliwekwa mahali pamoja, na waumini, wazee kwa vijana, wakajenga kando yake. Huko Matema, hospitali ya kanisa ingali ikiendeleza desturi hiyo ya kuweka ibada na huduma pamoja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya misheni wilayani ni ya baadaye. Hayapati ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi na Serikali. Kwa hiyo ulinzi wake wa kwanza ni wananchi wenyewe. Kabla ya kubomoa ukuta wa kale au kuchukua matofali yake, mkazi anashauriwa kuwauliza wazee wa kanisa na kufika ofisi ya Mtendaji wa Kata.