Nani ataketi wakati msitu unaandikwa?



Kila mkutano mkubwa juu ya tabianchi unataja msitu wa Kongo, na unataja vijana. Vijana wa Tshopo husikia habari hiyo kwa redio tu. Lakini kuna mlango ulio karibu nao zaidi, ambao sheria ya nchi yetu imeufungua, na makanisa yetu huuongelea mara chache sana.

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii ya kijiji kuomba iandikiwe msitu wa mababu wake. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza njia: jamii inaweza kupewa hadi hektari 50,000, bure, bila kikomo cha miaka, kwa sahihi ya gavana wa jimbo. Tangu hapo ni jamii yenyewe inayopanga wapi italimwa, wapi mbao na makala vitatoka, wapi wanyama waachwe wazae. Katika teritware ya Bafwasende, jamii kadhaa zimekwisha kupita njia hiyo.

Kabla ya sahihi, ramani lazima ichorwe na majirani wakubaliane juu ya mipaka. Kazi hiyo inahitaji miguu yenye nguvu, simu, na mtu wa kuandika Kifaransa. Basi kijana anaitwa. Anafyeka njia, anabeba mizigo, anaandika majina ya mito. Halafu wakati wa kuamua anaambiwa angoje nje.

Kanuni za mwaka 2016 hazisemi hivyo. Zimeweka mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi, na baraza la wazee lenye kazi ya kushauri na kupatanisha. Wazee wana kiti chao, cha heshima. Sioni sababu ya wao kujaza na zile kamati mbili. (Najua baadhi ya wazee wa kanisa watanikunjia uso hapa.)

Jambo hili si dogo kwetu. Tangu mwaka 2023, Wambole na Walengola wamemwaga damu ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, na maelfu walikimbilia mjini Kisangani. Chanzo kinachotajwa ni ardhi iliyoachiwa kampuni la kilimo: nani alikuwa na haki ya kuitoa? Walioshika silaha wengi ni vijana. Ni vigumu kumwomba kijana aheshimu mpaka ambao hakuwepo ulipokubaliwa.

Hesabu 27 inatuonyesha binti watano wa Selofehadi. Hawakunung'unika nyumbani. Walisimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwafukuza, alipeleka neno lao mbele za Bwana, na sheria ya urithi ikabadilika kwa Israeli yote. Walikuwa wanawake, tena yatima.

Kwa hiyo, ndugu wachungaji, tuulize katika parokia zetu za msituni: katika kamati ya msitu kuna vijana wangapi, na wasichana wangapi? Amri ya 2014 imeandikwa kwa Kifaransa. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuieleza kwa Kiswahili au Lingala, jioni chache baada ya mazoezi ya kwaya. Aanze na mambo ya mipaka.